Ahadi ya Jukwaani na Kiapo cha Mahakamani

Kila baada ya uchaguzi husikika swali moja hapa Manyoni: kwa nini shahidi mwongo hufungwa, ilhali mgombea aliyeahidi kisima asikichimbe hurudi baada ya miaka mitano kuomba kura? Swali hili ni la haki, nasi tunaona lastahili kujibiwa bila ya hasira.

Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, humhesabu kuwa mkosaji yule atoaye kwa makusudi ushahidi wa uongo juu ya jambo la msingi katika shauri, na adhabu yake yaweza kufika kifungo cha miaka saba. Shahidi hueleza jambo lililokwisha kutokea, naye analijua. Lakini mwenye kuahidi husema juu ya kesho asiyoimiliki.

Islam nayo imeyatenga mambo haya mawili. Mwenye kuapa kwamba atafanya jambo kisha asilifanye, Kurani Tukufu katika Sura Al-Maida imemwekea kafara: kulisha maskini kumi, au kuwavika, au kumwacha huru mtumwa; na asiyeweza, afunge siku tatu. Ama aapaye uongo huku akijua, wanavyuoni wengi wamesema dhambi yake ni kubwa mno hata kafara haiifuti. Imamu Shafii ameona kafara yampasa, lakini hakuna aliyemwondolea wajibu wa kutubu na kurudisha haki za watu.

Je, basi ahadi ni jambo jepesi? Hasha! Mtume Muhammad (s.a.w.) ameitaja tabia ya kuvunja ahadi miongoni mwa alama za mnafiki, pamoja na uongo na hiana.

Ila tupime kwa uadilifu. Mwaka 1973 TANU iliamua makao makuu yahamie kwa jirani zetu Dodoma, kwa mpango wa miaka 10. Vikaja vita vya Kagera na uhaba wa fedha, na Serikali ikahamia kwa dhati kuanzia mwaka 2016. Ahadi hiyo ilichelewa, lakini haikuwa uongo. Mwaka 2005 ilani ya CCM iliahidi kulipatia ufumbuzi suala la Mahakama ya Kadhi Tanzania Bara. Mwaka 2015 muswada uliogusa jambo hilo ukaondolewa Bungeni. Nia za watu anazijua Mwenyezi Mungu. Walioahidiwa walikuwa na haki ya kuelezwa waziwazi kilichozuia.

Mwenye kuahidi huku moyoni amekwisha kukata shauri kwamba hatatimiza, huyo ni mwongo tangu siku ile. Hakimu hawezi kuupasua moyo wake. Mpiga kura aweza kumwuliza. Fedha zitatoka wapi? Nani atatekeleza? Lini? Majibu yaandikwe, na yasomwe tena katika mkutano mkuu wa kijiji.

Lakini aliyepokea kanga na sukari ili anyamaze ameiuza haki yake ya kuuliza. Na miongoni mwetu wamo wanaosimama barazani kumwapia ndugu yao mpaka wa shamba wasioujua. Mtu huyo atamlaumuje mwanasiasa? Tuanze na ndimi zetu, kisha tuwadai viongozi kwa uso mkavu.