Kabla ya kununua bawa, piga hesabu

Mwezi uliopita mdogo wangu, mtoto wa khalati, alinitumia picha kwenye WhatsApp. Bamba la chuma, mikanda myeusi, na bawa kubwa kama godoro la mtoto. Chini kaandika: "Dada, hili vipi? Jamaa wa dukani kasema ukichukua kubwa hutojuta."

Nikamjibu kwa sauti, dakika nne nzima, kwa sababu mimi hilo kubwa nilishanunua na nilishajuta. Khalati alikuwa anasikiliza pembeni, akauliza, "Hivi nyie watoto bahari mnaitakia nini?" Hilo tulilizungumza kwenye kipindi, sirudii. Leo naandika nilichomwambia mdogo wangu, maana najua kuna wengine mnaohifadhi picha kama hiyo mkisubiri mshahara.

Msimamo wangu ni huu. Bamba, mikanda na bawa ni chaguo zuri, na kwa wengi wetu ni bora kuliko jaketi la kawaida. Lakini usianze na bawa. Anza na uzito wako ndani ya maji, tena maji yale utakayozama kweli, sio yale ya kwenye video.

Kwa ambaye bado anakodi vifaa, vitu vyenyewe ni vitatu. Bamba ni kipande cha chuma au aluminiamu kinachokaa mgongoni. Mikanda ni utepe mmoja mrefu wa nailoni, upana wa sentimita 5, unaopita kwenye matundu ya bamba, mabegani na kiunoni, pamoja na mwingine mfupi unaopita katikati ya miguu. Bawa ni mfuko wa hewa unaobanwa kati ya bamba na mtungi. Ukitia hewa unapanda, ukitoa unashuka. Mpango huu ulitokana na wapiga mbizi wa mapango ya kaskazini mwa Florida. Bamba lilibuniwa na Greg Flanagan mwaka 1979. Mle mapangoni hawakutaka kitu chochote kining'inie. Sisi hatuingii mapangoni, lakini faida zake tunazipata: hewa iko mgongoni, kwa hiyo chini ya maji unalala sawasawa kama samaki badala ya kusimama wima na kuvuruga mchanga.

Sasa kisa changu. Mimi nimejifunzia Stoney Cove, kule Leicestershire, machimbo ya mawe ya zamani yaliyojaa maji. Kuna baridi, jamani. Msimu wa baridi maji huwa chini ya nyuzi 10, kwa hiyo unavaa suti kavu na nguo nzito ndani. Nguo hizo zinashika hewa, hewa inakuelesha, na wewe unabeba risasi nyingi ili uzame. Nilikuwa na bamba la chuma la karibu kilo 2.7, risasi kilo 10, na bawa kubwa la kubebea yote hayo. Kule halikunisumbua.

Halafu nikaenda Unguja kumuona bibi, na siku mbili nikaenda kuzama Mnemba. Suti ya milimita 3 tu. Nikachukua bamba langu lile lile na bawa langu lile lile, na nilipoulizwa nataka risasi ngapi nikasema kilo 6, nikijiona nimepunguza sana. Kumbe kilo 2 zingenitosha.

Kilo 4 za ziada maana yake nini? Maana yake nilipokuwa mita 15 ilibidi niwe na lita 4 za hewa za ziada kwenye bawa, za kubeba ule uzito usio na kazi. Mita 15 presha ni mara 2.5 ya juu. Mita 5 ni mara 1.5. Kwa hiyo nilipoanza kupanda, zile lita 4 zikawa zinaelekea karibu lita 6.7. Hiyo ni nguvu ya karibu kilo 3 inayokuvuta juu, na kadiri unavyopanda ndivyo inavyoongezeka. Na kwa sababu bawa lilikuwa kubwa kuliko mtungi mmoja, pembeni lilikuwa limejikunja likaukumbatia mtungi, hewa ikajificha kwenye mikunjo. Navuta vali, haitoki vya kutosha. Kituo cha dakika 3 pale mita 5 nilikipita kama basi lisilo na breki. Nilichokumbuka ni kimoja tu, kuendelea kupumua nje, nisizuie pumzi. Nikaibuka mbali na mashua yetu huku nasikia injini ya mashua nyingine.

Sikuumia, alhamdulillah. Mwongoza mbizi, kijana mdogo kuliko mimi, alinisaidia kupanda, akaliangalia lile bamba, akasema kwa upole, "Dada, mbona mzigo wote huu?" Sikuwa na jibu. Nina digrii ya uhandisi, na hesabu yenyewe ni ya darasa la nane.

Basi hesabu ni hii. Kwanza, jua risasi unayohitaji. Mwisho wa mbizi, ukiwa na hewa baa 50 kwenye mtungi, kaa mita 5 au pungufu kidogo na utoe hewa yote kwenye bawa. Ukiweza kutulia hapo kwa kupumua taratibu, uzito wako ni sahihi. Ukizama, umezidisha. Kwa nini mwisho na sio mwanzo? Kwa sababu hewa nayo ina uzito. Mtungi wa aluminiamu ule wa kawaida, wa lita 11 hivi, ukijaa unabeba karibu kilo 2.7 za hewa. Ukikaribia kuisha, mtungi wenyewe unataka kuelea. Mitungi ya chuma haina tabia hiyo kwa kiasi hicho, kwa hiyo hesabu ya Uingereza na mtungi wa chuma haihamii Zanzibar au Muscat na mtungi wa aluminiamu. Na kumbuka Stoney Cove ni maji baridi yasiyo na chumvi. Maji ya bahari ni mazito zaidi kwa asilimia 2.5 hivi. Mtu na vifaa vyake wakiwa kilo 100, kwa suti ile ile atahitaji kama kilo 2.5 zaidi baharini. Kila maji na hesabu yake.

Pili, chagua bamba. Kama mbizi zako nyingi ni za suti kavu, chukua la chuma. Ule uzito ungeubeba kiunoni kwa risasi hata hivyo. Kama unazama hasa ukienda nyumbani, au uko Ghuba na suti nyembamba, la aluminiamu linatosha, lina uzito wa karibu kilo moja. Na sote tunajua begi la kilo 23 la kwenda nyumbani nusu yake ni zawadi za watu.

Tatu, ndio sasa bawa. Jiulize maswali mawili. Je, nikivua vifaa vyote juu ya maji, mtungi ukiwa umejaa, bawa litavielesha peke yake? Na je, nikiwa chini kabisa mwanzoni mwa mbizi, suti imebanwa na presha na mtungi bado mzito, bawa litanirudishia nilichopoteza? Kwa mtungi mmoja na suti ya milimita 3, bawa la kuinua kilo 13 linajibu maswali yote mawili na linabaki na akiba. Kwa suti kavu au nene sana, hadi kilo 18. Lile la kwenye picha ya mdogo wangu lilikuwa la kilo 27, yaani la watu wanaobeba mitungi miwili mgongoni. Bawa likizidi haliongezi usalama. Linaongeza nafasi ya hewa kujificha.

Mikanda naipenda kwa sababu nyingine. Jaketi za kukodi zimekatwa S, M, L kwa mwili wa mtu ambaye sijawahi kumuona. Mimi nina mabega madogo na nyonga za ukoo wetu. M inanibana chini, L inapanda hadi masikioni nikifika juu ya maji. Mikanda unaipima mwilini mwako kama fundi cherehani anavyokupima, huku umevaa suti yenyewe. Mabegani ilegee kiasi cha kupitisha mkono chini yake. Ikikaza sana hutoweza kujivua. Kiunoni ikaze ndiyo inayoshika. Ule wa katikati ya miguu uzuie bamba lisipande, usikukate. Ukipungua au kunenepa, unasogeza tu. Ukimpa ndugu yako bamba, ananunua utepe mpya na kuupima upya.

Wako wanaosema mpango huu haumfai anayeanza, na sina ubishi nao wote. Ni kweli mikanda isiyo na vifungo vya mabegani inataka mazoezi kuivua. Ni kweli ukiwa juu ya maji na umejaza bawa kupita kiasi, linakusukuma uso mbele, wakati jaketi linakukalisha. Na ni kweli kwamba bamba la chuma huwezi kulitupa wakati wa dharura kama unavyotupa risasi. Ndiyo maana nasema usiweke uzito wako wote kwenye bamba. Hakikisha sehemu yake iko mahali unapoweza kuiachia, na kwamba bawa likipasuka unaweza kupanda kwa kupiga mapezi tu. Kama huwezi, hicho ulichovaa ni nanga.

Nisichokubali ni ile kauli ya "chukua kubwa, hutojuta." Tumelelewa nayo. Viatu vikubwa utavikulia, gari kubwa, nyumba kubwa. Wazazi wetu waliotoka na begi moja walikuwa na sababu zao za kupenda akiba, siwalaumu. Lakini chini ya maji kila kilo isiyo na kazi inadai lita moja ya hewa, na ile hewa inakudai wewe unapopanda.

Mdogo wangu hakununua siku ile. Alikwenda Stoney Cove na vifaa vya kukodi, akapima uzito wake kwa baa 50, akaandika kwenye daftari. Safari yake ijayo ni Unguja, atapima tena kule. Jana kanitumia picha nyingine: bamba la aluminiamu, bawa la kilo 13. Chini yake kaandika hesabu yote, mstari kwa mstari, halafu: "Dada, nimekosea wapi?"

Hakukosea. Khalati bado anauliza bahari tunaitakia nini.