Kupunguziwa Dawa Si Kuacha Dawa

Mgonjwa wa limfoma, yaani saratani ya matezi, aliyepandikizwa uboho wa mtu mwingine hurudi nyumbani na kinga ya kuazima. Kinga hiyo huweza kuudhania mwili mgeni kuwa adui, ikashambulia ngozi, ini na matumbo. Ndiyo maana hupewa siklosporini au dawa nyingine ya kuituliza.

Baada ya miezi kadhaa, hali ikiruhusu, daktari huipunguza dawa hiyo kidogo kidogo huku akipima damu. Jamaa wengine, wamwonapo amenawiri, humshauri aitupe mara moja. Huo ni upendo wenye hatari.

Wajibu wa jamaa ni kutazama. Homa, vipele, kuhara au macho ya manjano ni sababu ya kwenda hospitali siku ile ile. Tena, kinga ya chanjo zake za utotoni huwa imepotea. Daktari humpangia chanjo upya, ingawa ile ya surua kwa kawaida hungoja miaka 2. Kwa hiyo watoto wa nyumbani na wachanjwe.

Mkwezi hushuka mnazi kwa hatua; haruki kwa kuwa nazi zimekwisha kuanguliwa.