Bakshishi ni Hisani, Ujira ni Haki

Katika mabaraza ya Mombasa siku hizi limezuka suala ambalo wazee wetu hawakuwa na haja ya kuliuliza. Je, kijana aliyekufikisha nyumbani kwa gari uliloliita kwa simu, au aliyekuletea biriani mlangoni kwa pikipiki, apewe kitu zaidi ya bei iliyoandikwa? Na akipewa, apewe kiasi gani na kwa njia gani?

Wako wasemao kwamba bakshishi ni mtindo wa Wazungu, ulikuja na watalii wa mahoteli ya ufuoni na afadhali uondoke nao. Wako wengine wasemao kwamba asiyetoa ni bahili na hana haya. Sisi twaona kwamba pande zote mbili zimepotoka, na kosa lenyewe si dogo, kwa kuwa lagusa riziki ya vijana wengi wa mji huu na lagusa pia heshima ya nyumba zetu.

ADA YETU WENYEWE

Kwanza yafaa ieleweke kwamba kutoa zaidi ya bei si jambo geni kwetu. Hata neno lenyewe, bakshishi, asili yake ni Uajemi, nalo limetufikia kama yalivyotufikia maneno mengine mengi ya biashara na ya baharini. Hatukulipokea kwa mtalii.

Na tukitazama arusi zetu tutaona jinsi watu wa pwani walivyolipanga jambo hili kwa makini. Mwimbaji wa taarabu hutunzwa. Bwana arusi hawezi kuingia ndani mpaka atoe kifungua mlango. Waliomwosha miguu wana kiosha miguu chao. Bibi arusi ana kipa mkono chake. Na mfanyakazi aliyemaliza kazi yake vyema hupewa kiinua mgongo. Kila kitu kina jina lake, wakati wake na mtu wake. Ndiyo maana twasema mcheza kwao hutuzwa.

Lakini msomaji azingatie jambo moja. Katika ada zote hizo, hakuna hata siku moja ambapo tunzo la mwimbaji lilikatwa kutoka katika mahari ya bibi arusi. Mahari ni haki, nayo hulipwa kwa ukamilifu. Tunzo ni hisani, nayo hutoka moyoni. Anayevichanganya viwili hivi huchekwa mtaa mzima. Tukiishika kanuni hiyo moja tu, suala la dereva na la mleta chakula litakuwa jepesi.

UJIRA KWANZA

Magari ya kuitwa kwa simu yaliingia Nairobi mwaka wa 2015 kwa jina la Uber, na mwaka uliofuata yakafika Mombasa. Makampuni mengine yakafuata, kisha wakaja vijana wa pikipiki wanaopeleka vyakula na mizigo majumbani. Zamani mtu alikwenda kituo cha teksi, akapatana na dereva, na kupatana huko kulikuwa sehemu ya biashara. Muuzaji ataja, mnunuzi apunguza, wakutana katikati. Hapakuwa na ubaya.

Sasa bei hutajwa na simu kabla ya safari, na abiria huikubali kwa kidole chake mwenyewe. Hata hivyo utamkuta mtu mzima, amevaa kanzu yake safi, afika kwake Nyali au Tudor na kuanza upya, ‘Mwanangu, nipunguzie hamsini.’ Na kijana akubali kwa shingo upande, kwa kuwa anajua abiria huyo ana uwezo wa kumpa nyota moja katika simu, na nyota zikipungua sana kampuni yaweza kumfungia kazi.

Tupige hesabu kidogo ili tujue hamsini hiyo yatoka wapi. Chukua mfano wa safari ya shilingi 300. Kanuni zilizotolewa na serikali mwaka wa 2022 zilisema kampuni isikate zaidi ya asilimia 18. Hata ikikatwa kwa kiwango hicho, hizo ni shilingi 54, na dereva abakiwa na 246. Humo mna petroli. Humo mna bima na matengenezo. Na kama gari si lake, basi humo mna hesabu ya tajiri mwenye gari, ambayo hudaiwa hata siku ambayo abiria ni wachache.

Sasa ukiipunguza hamsini, kampuni haipunguzi chake. Yenyewe hukata kwa bei iliyo katika simu. Hamsini yote yatoka katika zile 246 za dereva, yaani umemchukulia yapata moja katika kila tano. Mtu aliyefanya hivyo, kisha akampa dereva shilingi 20 na kumwambia ‘shika ya chai,’ hakutoa bakshishi. Amerudisha sehemu ya alichokichukua, tena anataka ashukuriwe.

Kadhalika kuna ujira usioonekana. Mtu huita gari, kisha akaingia kuoga. Mwingine huagiza chakula, kijana akafika, akapiga simu mara tatu bila ya kujibiwa. Na katika Mji wa Kale hali ni ngumu zaidi. Pikipiki haiwezi kupenya katika kila kichochoro, kwa hiyo kijana huiacha mbali, akaingia kwa miguu na mfuko mkononi, akiuliza nyumba kwa nyumba huku akihofia chombo chake alichokiacha nyuma. Mwenye kumngojesha mtu kama huyo anakula wakati wake, na wakati wake ndio duka lake.

Dini yetu imeweka wazi uzito wa ujira wa mfanyakazi, na kila aliyekaa chuoni amefundishwa kwamba alipwe upesi na asipunjwe. Hatuhitaji kuongeza neno juu ya hilo ila kukumbusha kwamba dereva naye ni mfanyakazi, hata kama aliyemwita ni simu.

FUNZO LA MAREKANI

Wako wenye huruma wanaosema, kwa kuwa vijana hawa wanalipwa kidogo, basi tuwape sote bakshishi kila safari, iwe desturi. Nia yao ni njema, lakini watazame yaliyotokea Marekani.

Huko, baada ya vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe, kampuni ya mabehewa ya Pullman iliwaajiri watu weusi, wengi wao waliotoka katika utumwa, kuwahudumia abiria wa treni. Mshahara ulikuwa mdogo mno, kwa sababu ilitarajiwa kwamba abiria watawatupia chochote. Desturi hiyo ilienea hata ikaingia katika sheria. Mpaka hivi leo sheria ya nchi nzima yamruhusu mwajiri kumlipa mtumishi apokeaye bakshishi dola 2 na senti 13 tu kwa saa, ikiwa bakshishi itaijaza iliyobaki kufikia kima cha chini cha mshahara. Kiwango hicho hakijabadilika tangu mwaka wa 1991.

Na yaliyowapata wapeleka vyakula ni ya ajabu zaidi. Mwaka wa 2019 ilibainika wazi kwamba kampuni ya DoorDash ilikuwa na mpango ambao bakshishi ya mteja ilisaidia kujaza malipo ambayo kampuni ilikuwa imemwahidi mpelekaji. Mteja akitoa zaidi, kampuni ilitoa kidogo. Kampuni iliubadili mpango huo baada ya kelele kubwa, na mwaka wa 2025 ikakubali kulipa karibu dola milioni 17 katika jimbo la New York kwa ajili ya jambo hilo.

Hili ndilo tunaloliogopa. Hisani ikigeuzwa kuwa desturi ya lazima, wenye makampuni huiona na kuiingiza katika hesabu zao. Mwishowe mwenye huruma ndiye anayemlipia tajiri mshahara wa wafanyakazi wake. Madereva wetu wamegoma mara kadhaa kudai nauli bora, na mwaka wa 2024 madereva wengi wa Nairobi walifikia hata kubandika garini orodha ya bei waliyoipanga wenyewe. Madai hayo yana mahali pake, nayo ni baina ya madereva, makampuni na serikali. Hayataondolewa kwa noti ya hamsini ya abiria mpole.

KUTOA KWA ADABU

Je, basi tusitoe? La, hasha. Tutoe, lakini mahali pake.

Kwa safari ya kawaida, lipa bei yote, lipa hapo hapo, na ushuke kwa shukrani. Umetimiza wajibu wako na hakuna wa kukulaumu. Bakshishi yaja pale ambapo mtu amefanya zaidi ya kazi yake. Amekubebea magunia ya mchele mpaka ghorofa ya tatu. Amemshika mkono bibi yako mzee mpaka kizingitini. Amekuja Kisauni usiku wa manane kumpeleka mgonjwa hospitali. Amekuletea chakula katika mvua ya masika, barabara ikiwa imejaa maji. Amekwama kwenye foleni ya feri ya Likoni na hakulalamika. Hapo mkono usiwe mzito.

Kiasi hatukipangi. Kwa mwenye nacho kidogo, kuacha chenji kwatosha. Kwa kazi nzito, shilingi 50 au 100 hazitamfilisi mtu aliyeweza kuagiza sinia ya pilau. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri.

Namna ya kutoa ndiyo muhimu zaidi. Tenga bakshishi na nauli ili ijulikane ni nini. Ukilipa kwa M-Pesa, muulize kijana nambari yake mwenyewe, kwani mara nyingine nambari anayolipisha nauli ni ya mwenye gari, na hisani yako itaishia kwa mtu ambaye hakubeba hata kikapu. Mpe mkononi, usiitupe juu ya kiti. Na kama desturi ya nyumba ni kwamba mama hatoki mlangoni, mtoto aweza kutumwa, mradi afundishwe kusema, ‘Mama asema ahsante, kaka.’ Neno hilo huenda likakaa moyoni kuliko fedha.

Usimpe kijana makombo ukayaita bakshishi. Wala usimpe kisha ukayatangaza barazani. Masimulizi ya namna hiyo ni masimango, na masimango huiharibu hisani hata ikawa afadhali isingetolewa.

Jambo jingine ni kwamba watu wengine huiita bakshishi sadaka, na wengine huthubutu hata kuihesabu katika zaka yao. Zaka ina watu wake waliotajwa na ina masharti yake, na mwenye shaka awaulize masheikh. Dereva aliyekuhudumia si mwombaji. Amesimama mbele yako kama fundi asimamavyo mbele ya kazi yake. Ukimwita maskini ilhali amekufanyia kazi, umemvunjia heshima.

Na kwa kuwa Ramadhani ina shughuli zake, tuseme neno juu yake. Dakika za mwisho kabla ya magharibi ndizo ambazo simu za kuagiza vyakula hulia kwa wingi. Sisi twaketi jamvini, tende ziko mbele yetu, na aliyeleta futari yetu bado yumo barabarani na saumu yake. Mwenye akili huagiza mapema, tangu alasiri. Na ikitokea kijana amefika adhana ikilia, basi kumkabidhi tende tatu na maji baridi si bakshishi wala si ukarimu wa kusifiwa. Ni adabu tu, na nyumba isiyoifanya imepungukiwa.

NENO KWA MADEREVA

Haki haina upande mmoja, kwa hiyo nanyi vijana wa usukani na wa pikipiki tunawaambia. Bakshishi haidaiwi. Dereva anayempigia abiria simu na kumwambia, ‘Utaongeza ngapi nije?’ haombi hisani, bali anavunja mapatano. Anayefika mlangoni akashikilia mzigo mpaka apewe ‘chai’ ameshaingia katika rushwa, na sote twajua neno hilo chai limeharibika kiasi gani nchini mwetu. Kama bei ya kampuni haitoshi, ikataeni safari kwa uwazi au mdai haki zenu kwa umoja. Msimgeuze mama wa watu awe ndiye uwanja wa vita.

Na anayepewa asilewe. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Kijana aliyetunzwa jana kwa upole wake asije leo na uso uliokunjwa kwa sababu abiria wa leo amelipa bei tu. Aliyelipa bei yote hakukosa.

Twawasihi wakuu wa nyumba walizungumze jambo hili na watoto wao, kwa kuwa watoto ndio wanaoita magari na kuagiza vyakula kwa simu za wazazi. Wafundishwe kuwa tayari kabla gari halijafika, kupokea simu ya mpelekaji, kueleza njia kwa uzuri, kulipa bila ya kupunguza, kisha kutoa pale panapostahili. Watu wa pwani tumesifiwa kwa ustaarabu kwa muda mrefu. Sifa hiyo haitadumu ikiwa kijana wa pikipiki, akitoka kwetu jioni, anahesabu fedha zake na kukuta zimepungua.