Macho nayo yatajwe

Makala yenu kuhusu dawa za wasiwasi ni nzuri, ila macho yamepewa sentensi moja tu, na hilo halitoshi. Dada yangu aliandikiwa amitriptilini kwa ajili ya wasiwasi. Muda si mrefu akawa hawezi kusoma meseji kwenye simu, ingawa mabango ya barabarani aliyaona vizuri. Akakimbilia kununua miwani. (Wauza miwani wa mitaani hawaulizi unameza dawa gani!) Kumbe dawa hiyo hulegeza msuli unaosaidia jicho kuona vitu vya karibu, hupanua mboni na kupunguza machozi. Kwa wengi hali hutulia mwili ukizoea, au daktari akipunguza dozi.

Wa kuogopewa hasa ni wale ambao njia ya kutolea maji ndani ya jicho ni nyembamba. Mboni ikipanuka, njia huweza kuziba na presha ya jicho ikapanda ghafla: jicho jekundu, maumivu makali, kichefuchefu, miduara ya rangi kuzunguka taa. Hapo usisubiri kupambazuke, nenda hospitali usiku huohuo, maana uoni ulioharibiwa na presha ya macho haurudi. Diazepamu, dawa nyingine ya wasiwasi, nayo huweza kuleta ukungu machoni, au ukaona kitu kimoja viwili. Lakini msiiache ghafla kwa sababu hiyo. Aliyeitumia muda mrefu anaweza kupata degedege.

Madaktari wetu, kabla ya kuandika dawa hizi, muulizeni mgonjwa kama yeye au ndugu yake ana presha ya macho.