Mwacheni bundi, ana kazi

Mtaani kwetu, pembezoni mwa mji wa Morogoro, bundi akitua juu ya bati watu hushika mawe kabla ya kushika tochi. Akilia, kuna mgonjwa ataondoka. Akirudi kesho yake, basi katumwa. Imani hii wanayo wasomi na wasiosoma, wa msikitini na wa kanisani, na sitamung'unya maneno: ni uzushi unaotugharimu chakula.

Novemba nzima nimekuwa nikikaa uani jioni kumtazama bundi anayelala darini kwenye ghala la jirani. Mbayuwayu, wageni waliokimbia baridi ya Ulaya, huwa wanamalizia mizunguko yao, popo wanatoka, kisha yeye, tumbo jeupe na uso kama kopa la karata. Anapita juu ya kichwa changu bila kusikika, maana kingo za manyoya yake ya mbawa ni laini na huvunja mvumo wa hewa. Masikio yake hayako sawa, moja liko juu kidogo ya jingine, na kwa tofauti hiyo hujua panya alipo hata katika giza totoro.

Ushahidi uko chini ya ghala. Bundi humeza panya mzima mzima, halafu hutapika kitonge cha manyoya na mifupa. Nilipasua kimoja kwa kijiti juu ya gazeti: mafuvu, mbavu nyembamba, mataya yenye meno ya mbele ya rangi ya chungwa. Hirizi sikuiona.

Panya shamba hufukua mbegu za mahindi mara tu zikishafukiwa, na jike huweza kuzaa watoto zaidi ya kumi kwa mkupuo mmoja. Chuo Kikuu cha Sokoine, hapa hapa Morogoro, kimekuwa kikimtafiti miaka na miaka. Malaysia wenye mashamba ya michikichi huwajengea bundi masanduku ya kutagia. Wakulima wa Israeli na Jordan nao hufanya hivyo. Sisi tuna manati.

"Mbona bibi alifariki usiku ule ule bundi alipolia?" Sawa, alilia. Lakini nyumba yenye mgonjwa hailali: huyu anakanda, yule anakoroga uji, wote masikio wazi saa nane za usiku. Wiki iliyotangulia bundi alilia vile vile, nanyi mkikoroma. Usiku usio na msiba hakuna anayeuhesabu. Na kweli sauti yake ni ukelele wa kukwaruza, inatisha. Kwani kutisha ni kosa?

Kinachoniudhi zaidi ni kinachofuata. Bundi kapigwa mawe usiku. Mchana mchuuzi anapita na kipaza sauti, dawa ya mende, kunguni, panya, na mrusha mawe yule yule anatoa noti. Sumu nyingine haimwui panya papo hapo. Atatangatanga akiwa mzito siku kadhaa, aliwe na bundi aliyesalia, au na paka wako.

Mwenye ghala anataka kuziba tundu la paa kabla ya Krismasi, kwa kuwa mkewe ni mjamzito na majirani wameshamjaza maneno. Nimemwomba asubiri angalau makinda yaruke. Nimemwambia pia kwamba akiziba, mtego wa panya asije kuazima kwangu.