Dalali wa Nani?

Anayetafuta nyumba ya kununua Dar es Salaam hukutana na dalali kabla hajamwona mwenye nyumba. Simu inaita: "Bosi, ipo Goba, vyumba vitatu, kimoja masta, fensi tayari, hati ipo, bei inaongeleka." Mnunuzi analipa hela ya kuonyeshwa, anapanda bajaji, na akifika anawakuta madalali wengine wawili wanamsubiri getini. Mmoja anaitwa "mwenye mali", maana ndiye anayefahamiana na mwenye nyumba. Wa pili ni kiungo tu, alipokea habari akaisambaza. Yule aliyepiga simu anaitwa "mwenye mteja". Jina hilo lina mtego. Mwenye mteja hamtetei mteja. Amemleta sokoni kama mwenzake alivyoileta nyumba, na wote watatu watalipwa siku moja kwa sharti moja, kwamba biashara ifungwe. Isipofungwa, kinachobaki ni hela ya kuonyeshwa.

Madalali wanalaumiwa kila siku kwa uongo na tamaa, na wapo wanaostahili lawama hizo. Ila lawama inayomwangukia mtu mmoja mmoja inatupotezea shabaha, kwani hata dalali mwaminifu kuliko wote, akilipwa kwa utaratibu huu, hana sababu ya kipato ya kumwambia mnunuzi, "Hii iache." Ushauri huo unamnyima mkate. Kila mwamba ngoma ngozi huivutia kwake, na katika uuzaji wa nyumba zetu mwenye nyumba anavuta, madalali wanavuta, na mnunuzi anayetoa fedha zote hana wa kumvutia. Ninachokipendekeza ni kwamba mnunuzi awe na wakala wake mwenyewe, aliyeandikiana naye mkataba, anayelipwa na yeye peke yake, na anayelipwa hata kama nyumba haikununuliwa.

Tuanze na bei. Tuseme mwenye nyumba anataka milioni 54. Madalali wanaitangaza kwa milioni 60, na ile milioni sita ya katikati ndiyo inayoitwa "cha juu". Mnunuzi anaambiwa mzee yuko Moshi, hapendi usumbufu wa simu, bei ameshaisema. Sababu ya kuwatenganisha wawili hawa ni kwamba wakikaa meza moja, cha juu kinaonekana. Sheria ya Mikataba ya Tanzania, Sura ya 345, haiko kimya kuhusu uwakala: wakala anawajibika kutoa hesabu kwa aliyemtuma, na akijifanyia biashara yake ndani ya kazi aliyotumwa bila ridhaa ya bosi wake, bosi anaweza kuidai faida hiyo. Lakini haki hiyo ni ya aliyemtuma. Mnunuzi ambaye hakumwajiri dalali, hana karatasi, na alionyeshwa tu nyumba, atasimama juu ya msingi upi kudai kwamba wakala wake alimgeuka? Aliyetoa milioni sita za ziada ni yeye, na ndiye mwenye madai dhaifu kuliko wote.

Bei, hata hivyo, ni hasara ndogo. Aliyezidishiwa milioni sita bado ana nyumba. Balaa ni kununua kisichouzika. Wakala wa mnunuzi angeanza kazi yake pale dalali anapoona imekwisha. Angeomba upekuzi rasmi kwa Msajili wa Hati ajue jina lililoandikishwa ni la nani, kama kuna rehani ya benki, kama kuna zuio. Angeuliza kodi ya pango la ardhi imelipwa hadi mwaka gani. Angeenda ofisi ya mipango miji na namba ya kiwanja aone mchoro unasema nini, maana nyumba nzuri inaweza kuwa imesimama juu ya eneo la wazi au hifadhi ya barabara. Waliobomolewa mwaka 2017 kandokando ya Barabara ya Morogoro, kuanzia Kimara, wanajua uzito wa neno hifadhi. Angeitembelea nyumba wakati wa mvua na kuwauliza majirani maji yanafika wapi, kwa sababu baada ya mafuriko ya Desemba 2011 wakazi wa mabondeni walihamishiwa Mabwepande, na mabonde hayo hayakuhama.

Kisha angeuliza maswali ya kifamilia ambayo dalali huyakwepa kwa adabu. Mwuzaji ana mke au mume? Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 59, inamzuia mwanandoa kuiuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Kama nyumba ni ya marehemu, anayeuza ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, au ni mtoto mkubwa tu aliyeshika funguo? Majibu ya maswali haya hayapatikani kwa kuzunguka vyumba na kusifia marumaru. Yanahitaji siku kadhaa za kufuatilia ofisi hadi ofisi, na mtu asiyepoteza chochote akirudi na jibu baya.

Pingamizi la kwanza ni kwamba kazi hiyo ni ya wakili, na wakili tunaye. Ni kweli kwa nusu. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inataka mkataba wa kuuza haki ya kumiliki ardhi uwe wa maandishi, na hapo wakili hana mbadala. Tatizo ni saa anayoitwa. Mara nyingi anaitwa siku ya kusaini, bei imeshakubaliwa, malipo ya awali yametolewa, na wakili mwenyewe amependekezwa na dalali yuleyule, akiwahudumia mwuzaji na mnunuzi kwa pamoja. Huyo anashuhudia makubaliano, hayapimi. Mnunuzi akimwajiri wakili wake mapema, akamtuma kufanya upekuzi kabla ya shilingi kutoka, huyo ndiye wakala ninayemzungumzia. Mthamini aliyesajiliwa naye anaweza kuifanya sehemu ya kazi hiyo, hasa kuhusu bei. Cheo si hoja. Hoja ni ametumwa na nani, na lini.

Wengine watasema ofisi ya serikali ya mtaa inatosha, kwa kuwa mwenyekiti anawajua watu wake. Ufahamu huo una thamani na haufai kudharauliwa. Lakini saini na mhuri wa mtaa havithibitishi umiliki kwenye daftari la Msajili, na mahali ambapo ofisi inadai asilimia kumi ya mauzo, desturi ambayo viongozi wa juu wameikemea, shahidi naye anakuwa mwenye maslahi. Kwa Watanzania walioko Muscat, London au Minneapolis, jawabu huwa ni ndugu: unamtumia kaka fedha, anakununulia. Ndugu huyo tayari ni wakala wa mnunuzi, ila ni wakala asiye na mkataba, asiye na ujira unaojulikana na asiyeulizwa risiti kwa sababu ya heshima. Kumwandikia majukumu na kumlipa waziwazi hakuuvunji undugu. Kunampa njia ya kutoa hesabu bila kuonekana mshitakiwa.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba wakala huyu naye atanunulika. Hapa Marekani inatupa funzo. Huko mawakala wa wanunuzi wamekuwepo kwa miaka mingi, lakini kwa kawaida kamisheni ya asilimia tano au sita ilitoka kwenye fedha za mauzo na kugawanywa kati ya wakala wa mwuzaji na wa mnunuzi. Oktoba 2023 baraza la wazee wa mahakama huko Missouri liliamua kwamba utaratibu wa kamisheni hizo ulikiuka sheria za ushindani. Machi 2024 chama cha kitaifa cha mawakala wa nyumba kilikubali kulipa dola milioni 418, na tangu Agosti mwaka huo mnunuzi anasaini makubaliano ya ujira kabla wakala hajamtembeza kwenye nyumba. Kuwa na mtu anayeitwa wako, basi, hakutoshi. Asilimia yenyewe ina kasoro. Wakala wa asilimia tano hupata milioni tatu kwa nyumba ya milioni 60. Akiishusha hadi 54, amekuokolea milioni sita na kujipunguzia laki tatu. Ndiyo maana ujira wake unafaa uwe kiasi maalumu kwa hatua: upekuzi kiasi hiki, ukaguzi kiasi hiki, majadiliano ya bei kiasi hiki.

Ni gharama ya ziada, sikatai, na kwa anayenunua kiwanja cha milioni nne Chanika inauma. Kwake huenda ikafaa kulipia hatua moja tu, ile ya upekuzi, au kuungana na majirani watarajiwa kumlipa mtu mmoja. Serikali nayo ina wajibu, na mjadala wa sheria mahsusi ya sekta ya milki umedumu miaka mingi. Kenya inayo Sheria ya Mawakala wa Majengo, Sura ya 533, na bodi ya kuwasajili. Lakini usajili hueleza nani anaruhusiwa kufanya kazi, na peke yake haumwambii mnunuzi mtu huyo yuko upande wa nani. Sheria yetu ikija, ianze na kifungu kinachomlazimu kila dalali kutaja kwa maandishi, kabla ya kuonyesha nyumba, anamwakilisha nani na analipwa na nani.

Kabla kifungu hicho hakijaandikwa, mnunuzi anaweza kukiuliza kwa mdomo pale getini, kabla ya kuvua viatu: "Nisiponunua hii nyumba, wewe leo unapata nini zaidi ya hela ya kuonyeshwa?" Anayejibu "sipati kitu" amesema kweli, na anastahili kuheshimiwa kwa hilo. Ila usimtume yeye kwa Msajili.