Jina la mtoto wako ulilichagua ukiwa darasa la pili

Sista yangu ana mtoto wa wiki tano ambaye bado hana jina. Kwenye karatasi ya hospitali ameandikwa "Baby" kisha jina la mamake. Nyumbani tunamwita Toto. Fomu ya kumsajili iko juu ya friji, imewekewa kopo la maziwa isipeperuke.

Usidhani ni uzembe. Familia mbili ziko vitani, polepole, kwenye WhatsApp. Mathee anasema mtoto ni Nyambura, yaani jina lake mwenyewe, kwa sababu sista hajaolewa rasmi na kwa mila yetu ya Kikuyu binti wa kwanza wa namna hiyo humrudisha mamake msichana. Watu wa upande wa baba, kutoka Kisumu, wanashangaa mjadala ni wa nini. Mtoto alizaliwa usiku, kwa hivyo ni Atieno, basi. Sista naye anataka Kayla.

Nikamuuliza, kwa nini Kayla? Akanijibu: "Nimelipenda tu. Halina stori nyingi."

Hapo kwa "tu" ndipo nataka tukae kidogo, mimi na wewe. Kama uko kwenye miaka ya ishirini, hata kama huna mtoto na huna mpango, najua una orodha ya majina kichwani au kwenye simu. Ukiulizwa umeyatoa wapi, utasema umeyapenda tu. Mimi nakwambia hukuyapenda juzi. Ulianza kuyapenda kabla hujajua kufunga kamba za viatu.

Kumbuka kalongolongo. Sisi tulicheza nyuma ya ploti, Kayole, tukipika udongo kwenye vifuniko vya rangi. Sista alikuwa akikunja sweta, analifunga mgongoni kwa leso, na hilo sweta lilikuwa na jina: Paulina. Hatukuwa na Paulina yeyote mtaani. Alitoka kwenye telenovela ya Mexico, La Usurpadora, ambayo kina mama wa ploti nzima walikuwa hawaikosi. Paulina alikuwa msichana mwema, nywele nzuri, nyumba kubwa. Shosho zetu hawakuwa kwenye TV. Kwa hivyo hakuna sweta lililowahi kuitwa Nyambura.

Kuna mwanasaikolojia mmoja, Robert Zajonc, ambaye mwaka wa 1968 alionyesha jambo rahisi sana: mtu huanza kupenda kitu kwa kukutana nacho mara nyingi, hata kama ni neno lisilo na maana yoyote kwake. Sasa fikiria mtoto anayesikia majina fulani kila jioni saa moja, yakiwa yamefungwa pamoja na mapenzi, magari na nyumba ya ghorofa. Hiyo ndiyo ladha inavyoingia, na haigongi mlango.

Halafu tukaenda shule, na huko ndiko ladha ilikopata meno. Kila asubuhi mwalimu alisoma rejista. Akisema Brian, kimya. Kevin, kimya. Sharon, kimya. Akifika kwa yule msichana aliyehamia kutoka ushago, aliyeandikishwa kwa majina ya nyumbani matupu, darasa zima linavunjika mbavu. Mwalimu mwenyewe analitamka vibaya na kutabasamu. Hakuna aliyetufundisha kwamba jina la Kizungu ni bora. Tulijifunza kwa kuangalia nani anachekwa na nani hachekwi. Muhula wa pili yule msichana alikuwa anajiita Shantel. Hakuna aliyemuuliza kwa nini, maana sote tulijua.

Na usiseme hayo ni ya kizazi chetu peke yake. Angalia majina ya familia yako kama mtu anayechimba kisima, tabaka kwa tabaka. Chini kabisa kuna Zipporah, Jerusha na Ezekieli, waliopewa majina ya Biblia misheni walipobatizwa. Hata Ngũgĩ wa Thiong'o, vitabu vyake vya kwanza vilitoka kwa jina la James Ngugi, na ilimbidi aamue akiwa mtu mzima kuliacha hilo James. Juu yao kuna kina Brian na Sharon wa miaka ya tisini. Juu yao sasa wako Jayden, Ethan, Liam na Kayla, hadi imekuwa utani mitandaoni kwamba kila mtoto wa shule ya kulipia pesa nyingi ni Jayden. Kila tabaka liliamini limechagua kwa hiari.

Mwanasosholojia wa Marekani, Stanley Lieberson, aliandika kitabu kizima kuhusu jambo hili mwaka wa 2000. Alivutiwa na majina kwa sababu moja: tofauti na viatu au simu, hakuna kampuni inayotangaza majina ili ipate faida. Lakini bado yanakuja na kuondoka kama fasheni, na mara nyingi yanabadilika kidogo kidogo, sauti moja ikivuta nyingine inayofanana nayo. Jayden anamvuta Hayden, Kayla anamvuta Ayla. Mzazi anafikiri amepata jina la kipekee, kisha siku ya kwanza ya shule ya chekechea anakuta wako watatu.

Mpaka hapo ungeweza kusema, sawa, ni fasheni, kuna ubaya gani? Nami ningekubali. Lakini sista alisema kitu kingine: jina lisilo na stori nyingi. Hilo si fasheni. Hilo lina tarehe.

Mwanzo wa 2008 nilikuwa na miaka minane na sista kumi. Unajua kilichotokea baada ya uchaguzi wa Desemba 2007. Zaidi ya watu 1,100 waliuawa, na kuna barabara ambako vijana walisimamisha magari, wakadai vitambulisho na kusoma majina. Sisi hatukufikwa na mabaya sana, namshukuru Mungu. Lakini asubuhi moja mathee alituchuchumalia mlangoni kabla ya kututuma dukani, akatushika mabega, akasema: mkiulizwa na mtu yeyote mnaitwa nani, semeni jina la kwanza pekee. La kwanza pekee, mmesikia?

Tulisikia. Tena tulisikia vizuri kuliko alivyokusudia. Miaka kumi na kitu baadaye, nikiwa nimeacha chuo na kutafuta kazi yoyote, niliingia kwenye mahojiano ofisi fulani. Jamaa akasoma karatasi yangu, akafika jina la tatu, akainua macho: "Kumbe wewe ni wa kule?" Akaendelea kutabasamu. Kazi sikupata, na siwezi kuthibitisha ni kwa sababu hiyo. Ila tangu siku hiyo CV yangu ina majina mawili tu. Mathee aliniambia mara moja, na bado natii.

Kwa hivyo ninapomsikia kijana wa Nairobi akisema anataka jina "la kisasa", "neutral", "lisilo na kabila", sisikii mtu anayejidai. Nasikia mtoto wa miaka minane aliyeshikwa mabega mlangoni. Nchi ambayo jina la tatu linaweza kukufungulia au kukufungia mlango, lazima izae wazazi wanaowatafutia watoto wao majina ya kujifichia. Tunawacheka kina Jayden, lakini wengine wao ni watoto wa watu waliowahi kuogopa.

Lakini hapo pana tatizo mbili. Kwanza, kificho chenyewe hakifanyi kazi. Kayla atakuwa na jina la ukoo, na atakayetaka kujua "ni wa wapi" hasomi jina la kwanza. Pili, tunachomficha mtoto ni kitu ambacho hakikukosea. Atieno ni usiku tu. Nafula ni mvua. Jerotich ni saa ng'ombe wanaporudi nyumbani. Nyambura nalo limebeba mvua ndani yake. Hayo majina yalikuwa yanasema mtoto alikuja lini, hali ya hewa ikoje, au anamrudisha nani. Siasa zikaja baadaye, zikayageuza mabango.

Jambo la kuchekesha ni kwamba sasa majina yetu yanarudi kwa mlango wa nyuma. Wamarekani weusi wamekuwa wakiwaita mabinti zao Imani na Nia kwa miaka mingi, hasa baada ya sikukuu ya Kwanzaa kuanzishwa mwaka wa 1966 na kutumia maneno ya Kiswahili. Leo unamwona Zuri kwenye Instagram ya mtu wa Atlanta na unaona ni jina kali. Zuri! Neno ulilokosolewa nalo kwenye insha kwa sababu uliandika "mtoto zuri". Likirudi na pasipoti, tunalipenda.

Sijaandika haya nikuchagulie jina. Nakuomba tu, kabla hujajaza fomu, lichukue lile ulilolipenda na uliulize: nani alinicheka mpaka nikakupenda? Au nilimwogopa nani? Ukipata jibu na bado unalipenda, liandike kwa mkono thabiti. Likiwa limetoka kwa kicheko cha darasa la pili, basi fahamu kwamba unamvisha mtoto sweta lako la zamani.

Nilimsomea sista aya chache za hapa juu. Alikuwa ananyonyesha, hakusema kitu mpaka nikamaliza. Kisha akaniuliza kama nakumbuka Paulina, na kama nakumbuka mahali lile sweta lilipopotelea. Sikumbuki. Akaangalia friji, akasema sheria inampa miezi sita, nisimharakishe.

Jana usiku Toto alilia saa tisa. Kutoka chumba cha pili nilimsikia sista akimbembeleza kwa sauti ya chini, akijaribu majina yote matatu, moja baada ya jingine, kusikia ni lipi litamnyamazisha.